Kila Wimbo Una Mwenyewe: Kuwasaidia Wanamuziki Wetu Wapatikane Kwenye Mtandao

(Hii ni hotuba iliyotolewa kwenye semina ya kamati za maendeleo za parokia. Tumeichapa kama ilivyosomwa, kwa manufaa ya kamati ambazo hazikuweza kuhudhuria na ya wafadhili wetu.)



Tumezoea kukutana hapa kuzungumzia visima, mizinga ya nyuki, mikopo midogo ya kina mama na ada za watoto yatima. Leo nimeombwa nizungumzie jambo ambalo baadhi yenu mtaliona geni: namna ya kuwasaidia wanamuziki wetu, wale wasio na kampuni wala meneja, wapatikane pale mtu anapowatafuta kwenye mtandao. Najua wapo wanaojiuliza, je, hili nalo ni suala la maendeleo? Naomba mnivumilie. Nitaanza na kisa kimoja.

Mtunzi hajulikani

Katika parokia mojawapo tunayofanya nayo kazi yuko mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye ametunga nyimbo tangu ujana wake. Nyimbo zake zimevuka mipaka ya jimbo. Zinaimbwa na watu ambao hawajawahi kumwona. Siku moja tulialikwa kwenye sherehe ya kutabaruku kanisa jipya. Kwaya ya wageni iliimba wimbo wake wa matoleo, tena iliuimba vizuri mno. Kijitabu cha sherehe kilikuwa kimeorodhesha kila wimbo pamoja na mtunzi wake. Mbele ya wimbo ule paliandikwa: mtunzi hajulikani. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi benchi la tatu, kijitabu mkononi.

Baada ya Misa nilimtafuta kijana aliyeandaa kijitabu kile. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Aliniambia, "Nilitafuta Google, mzee wangu, sikuona jina lolote." Nikatoa simu, nikaandika maneno ya kiitikio jinsi yanavyoimbwa. Zilikuja video tatu za wimbo ule. Ya kwanza iliitwa "nyimbo za matoleo mchanganyiko". Ya pili ilikuwa na jina la kwaya iliyoimba. Ya tatu iliandikwa "Track 05", yaani mtu alichukua CD, akaiingiza kwenye kompyuta, akapakia kilichotoka bila hata kukipa jina. Jina la mzee halikuwepo popote. Kijana yule alisema kweli.

Jioni hiyo hiyo mwalimu wa kwaya kutoka jimbo jirani alitusimulia kwamba walikuwa wametafuta mtu wa kuwatungia wimbo wa jubilei ya parokia yao, kwa malipo. Walikuwa wakimfikiria "yule aliyetunga wimbo wa matoleo", lakini hawakujua ni nani wala wampate wapi. Kazi ile wakampa mtu mwingine. Mzee wetu alisikiliza, akatabasamu, akasema, "Basi, Mungu anajua." Ni kweli, Mungu anajua. Lakini ada za wajukuu wake zinalipwa na watu, na watu hawakujua.

Ndiyo sababu nasema hili ni suala la maendeleo. Mtu ana kazi ya mikono yake, kazi hiyo inahitajika, na wanaoihitaji wako tayari kulipa. Kinachokosekana ni njia ya kumfikia. Ingekuwa ni mkulima na gunia la mahindi, tusingebisha. Tungesema soko liko mbali, tutafute barabara.

Je, kizuri chajiuza?

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanamuziki wetu wengi wanaishi kwa methali hii. Wanaona ni majivuno kujitangaza. Wimbo ukiwa mzuri utafika wenyewe. Na zamani ulifika kweli. Kaseti iliuzwa mlangoni mwa kanisa, kwenye kongamano na kwenye stendi ya basi. Ganda la kaseti lilikuwa na picha ya kwaya, jina la parokia, orodha ya nyimbo upande A na upande B, na sanduku la posta. Aliyeupenda wimbo aligeuza ganda akamjua mwenye wimbo.

Siku hizi wimbo unasafiri bila ganda. Nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani yetu, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, intaneti ilianza kutoka kwenye vibanda vya mjini na baadaye kuingia mifukoni mwetu. Wimbo unatumwa kwa WhatsApp, unakatwa kipande, unawekwa nyuma ya picha za harusi, unafika Mwanza, Muscat na Minneapolis kwa siku moja. Sauti inafika, jina linabaki nyuma. Kizuri kimejiuza, lakini hakuna anayejua fedha ampelekee nani.

Mitambo ya kutafutia inafanyaje kazi

Nawaomba tuelewe kwanza kitu chenyewe, maana wengi tunadhani Google ni mtu anayejua kila jambo. Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Ipo mitambo mingine pia, kama Bing. Yote hufanya kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kutembelea. Programu za mtambo hupita mchana na usiku kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, zikifuata viungo vinavyounganisha kurasa hizo. Ukurasa ambao hakuna kiungo chochote kinachoelekea kwake ni kama nyumba isiyo na njia; mgeni ataipita tu.

Kazi ya pili ni kuandika. Kilichoonekana huingizwa kwenye faharasa kubwa. Hapa nawaomba mfikirie daftari la ubatizo pale ofisini kwa paroko. Mtu akija kuomba cheti, karani hatafuti sura yake, anatafuta jina lake daftarini. Kama jina liliandikwa "Yohane" naye leo anajiita "John", kuna usumbufu. Kama halikuandikwa kabisa, hata kama babu yake ndiye aliyejenga kanisa, cheti hakitoki.

Kazi ya tatu ni kupanga. Kurasa zikiwa nyingi zenye maneno yaliyoulizwa, mtambo huamua upi utangulie. Huangalia kama ukurasa unajibu swali lililoulizwa, kama unafunguka vizuri kwenye simu, na mambo mengine mengi. Jambo lililoifanya Google isifike tangu mwanzo ni kuhesabu pia viungo: nani mwingine anauelekeza ukurasa huu? Kwetu tungesema ni barua ya utambulisho. Mgeni akija na barua ya paroko wake hupokelewa kuliko asiye na barua.

Kumbe mtambo hutegemea sana maandishi. Mnasema, mbona kuna programu inayosikiliza wimbo na kuutaja jina? Ipo, mfano Shazam. Lakini hiyo hulinganisha unachosikia na nyimbo zilizokwisha kuandikishwa kwake. Wimbo usioandikishwa haitautambua. Na hata sasa ambapo mitambo hii imeanza kutoa majibu yaliyoandaliwa kwa akili bandia, majibu hayo nayo hutolewa kwenye maandishi yaliyokwisha kuwekwa na watu. Pasipoandikwa kitu, hapasomeki kitu.

Kwa nini watu wetu hawaonekani

Katika parokia tulizozitembelea tuliketi na wanakwaya na waimbaji binafsi, tukawatafuta pamoja nao. Tulikuta matatizo yanayofanana.

La kwanza ni majina yanayoshirikiwa. Mtakatifu Sesilia ni msimamizi wa wanamuziki, kwa hiyo karibu kila jimbo lina kwaya ya jina lake, tena zaidi ya moja. Halafu jina lenyewe linaandikwa Sesilia, Cecilia au Secilia, huku "Mt.", kule "Mtakatifu", pengine "St.". Kwaya moja tuliyokaa nayo ilikuwa imejiandika kwa namna nne tofauti katika video zake yenyewe. Kwa mtambo wa kutafutia, hizo zinaweza kuwa kwaya nne, zote changa na zote dhaifu.

La pili ni vichwa vya nyimbo. Nyimbo zinazoitwa "Asante" au "Nakushukuru" hazihesabiki. Isitoshe, msikilizaji mara nyingi hajui kichwa. Anachokumbuka ni kiitikio, au mstari mmoja uliomgusa msibani. Ndicho anachoandika. Ikiwa maneno hayo hayakuandikwa popote, hawezi kufika.

La tatu ni kuandika ndani ya picha. Tunatengeneza tangazo zuri lenye jina, tarehe na namba, lakini lote ni picha. Mitambo imejifunza kusoma picha kiasi, ila si jambo la kutegemea. Maneno yale yale yaandikwe pia kwa maandishi ya kawaida chini ya picha.

La nne ni kufungia kila kitu kwenye makundi ya WhatsApp. Kundi ni zuri kwa wanaojuana. Lakini mtambo wa kutafutia hauingii humo, na mgeni asiyewajua hawezi kuwakuta humo.

La tano ni kutegemea mlango mmoja. Hapa nina mfano wa nje. Myspace ilikuwa wakati fulani mtandao mkubwa kwa wanamuziki wasio na kampuni. Mwaka 2019 ilitangaza kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda hazipatikani tena, kwa sababu ya kazi ya kuhamisha mitambo yake. Watu waliokuwa wameweka kila kitu pale bila nakala nyumbani walipoteza jasho la miaka mingi.

Kosa letu wenyewe

Nisiwaseme wengine tu. Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilipata msaada, tukatengeneza tovuti ya kwaya za parokia. Ilikuwa na picha zinazocheza na muziki unaoanza wenyewe. Tuliizindua kwa keki. Haikupita muda mrefu ikafa. Kwanza, bajeti ilikuwa na fungu la kutengeneza na haikuwa na fungu la kulipia anwani kila mwaka. Pili, neno la siri alikuwa nalo kijana mmoja wa kujitolea, naye alipata kazi mkoa mwingine. Tatu, nyimbo tuliziweka kama picha za nota zilizopigwa kwa kamera, bila jina la mtunzi hata moja kwa maandishi. Kwa hiyo hata ilipokuwa hai, haikumsaidia mtu kumpata yeyote. Mzee wetu wa benchi la tatu alikuwa na nyimbo zake humo. Nasema haya mbele ya wafadhili kwa sababu fedha ile ilikuwa yenu, na somo lake tumelilipia.

Nini kifanyike

Sasa nieleze tulichokuja kukifanya, ambacho kamati yoyote inaweza kukianza bila mradi mkubwa.

Hatua ya kwanza ni daftari. Kabla ya kompyuta, chukueni daftari la kawaida. Kwa kila wimbo andikeni kichwa chake, mstari wa kwanza, kiitikio, jina kamili la mtunzi, mwaka uliotungwa kama unajulikana, nani waliurekodi, wapi na lini. Mtakuta mabishano. Afadhali yatokee sasa, wahusika wangali hai.

Hatua ya pili ni kukubaliana jina moja. Kwaya na ichague jina lake kamili pamoja na parokia na mji, iliandike hivyo hivyo kila mahali bila kubadilisha herufi. Mwimbaji binafsi naye vivyo hivyo. Kama watu wamezoea kukosea jina lenu, itajeni namna hiyo nyingine mara moja kwenye maelezo, ili anayekosea naye afike.

Hatua ya tatu ni ukurasa wa nyumbani. Usiwe na mbwembwe. Juu kabisa jina. Kisha aya moja ya ninyi ni nani na mko wapi. Orodha ya nyimbo. Na njia ya kuwasiliana kwa mialiko. Tumieni namba ya kwaya au ya ofisi, si ya mtu binafsi anayeweza kuhama. Kila wimbo uwe na ukurasa wake, wenye maneno ya wimbo, mtunzi na waimbaji. Ukurasa uwe mwepesi, maana wengi wanaufungua kwa kifurushi kidogo cha data.

Hatua ya nne ni YouTube. Google iliinunua YouTube mwaka 2006, na watu wengi huanzia kutafuta nyimbo humo humo. Kichwa cha video kiwe na jina la wimbo na jina la kwaya. Kwenye maelezo ya chini wekeni mtunzi, parokia, mji, maneno ya wimbo na kiungo cha ukurasa wenu wa nyumbani. Video za zamani hazihitaji kupakiwa upya. Vichwa na maelezo yake yanaweza kurekebishwa hata leo jioni, bila gharama ila muda na data.

Hatua ya tano ni barua za utambulisho, yaani viungo. Ukurasa wa parokia au wa jimbo utaje kwaya zake kwa kiungo. Redio iliyowahoji iombwe iweke kiungo. Kwa nyimbo za Kikatoliki ipo tovuti ya Swahili Music Notes, ambako nota huwekwa pamoja na jina la wimbo na la mtunzi. Watunzi wetu wawemo, na majina yao yaandikwe sawasawa. Ipo pia MusicBrainz, kumbukumbu ya muziki iliyo wazi kwa yeyote kuchangia, bure.

Hatua ya sita inawahusu wanaotaka nyimbo zao ziuzwe kwenye huduma kama Boomplay au Spotify. Huko huingia kupitia wasambazaji wa kidijitali, na fomu zake huuliza mtunzi, mwimbaji na namba ya ISRC. Hiyo ni namba ya utambulisho wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Kila rekodi ina yake, na malipo hufuatiliwa kwayo. Msijaze fomu hizo haraka haraka. Sehemu ya mtunzi ikiachwa wazi leo, ndiyo mwanzo wa "mtunzi hajulikani" wa kesho.

Hatua ya saba ni kukagua. Google ina huduma ya bure iitwayo Search Console. Inamwonyesha mwenye tovuti kurasa zilizoingizwa kwenye faharasa na maneno ambayo watu waliandika hadi wakafika. Kwa kipimo cha haraka, ombeni simu ya mtu ambaye hajawahi kutembelea kurasa zenu, muandike kiitikio. Simu yenu wenyewe inaweza kuwadanganya, kwa kuwa matokeo hutegemea pia mahali mlipo na mliyoyatafuta awali.

Mwenye wimbo ni nani?

Kupatikana bila kuelewana huleta ugomvi. Wote mnaufahamu wimbo Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi miaka ya 1960, Miriam Makeba akauimba duniani kote, na hadi leo watu wanabishana juu ya mtunzi, wengine wakimtaja Adam Salim. Wimbo ule unajulikana kuliko nchi nyingi, lakini swali la mwenyewe halijaisha.

Kwa hiyo kabla ya kupakia chochote, mtunzi, kwaya na studio waandikiane karatasi moja: nani ametunga, nani ameimba, nani amelipia, na kikipatikana kitu kitagawanywaje. Kwa sheria yetu, haki ya mtunzi huanza pale anapotunga. Hata hivyo, kuandikisha kazi COSOTA, chombo kilichoanzishwa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, husaidia sana siku ya kudai. Wimbo ukipakiwa na mtu mwingine bila ruhusa, mwenye haki anaweza kuiandikia YouTube kuomba uondolewe. Sisi tunashauri mwanzie kwa upole: mwombeni aliyepakia aandike jina la mtunzi na kiungo chenu. Wengi hukubali, maana waliupenda wimbo.

Tahadhari

Wapo watakaowafuata wakiahidi kuwafikisha nafasi ya kwanza Google kwa malipo fulani. Google yenyewe inasema hakuna awezaye kutoa uhakika huo. Wapo pia wanaouza watazamaji na viungo vya bandia. Msinunue, ni kinyume cha kanuni, na mkigundulika mnaweza kuondolewa kabisa. Wala msirundike majina ya waimbaji maarufu kwenye maelezo ya video ili mpate wageni kwa hila. Mgeni aliyedanganywa hakai.

Tena tusiwape watu matumaini hewa. Kuonekana si sawa na kulipwa. Ili YouTube iwagawie mapato ya matangazo kwa video za kawaida, hutaka chaneli iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwaya nyingi za vijijini hazitafika huko upesi. Faida tuliyoiona sisi ni nyingine: mialiko ya harusi na makongamano, maombi ya nota, kazi za kutunga, na mara chache mtu aliye ng'ambo anayetaka kuchangia vyombo kwa kwaya ya kijiji alichozaliwa. Ni mapato madogo, lakini yanakuja kwa jina la mtu.

Ombi letu

Kwa kamati za parokia, tunaomba mambo matatu kabla ya robo mwaka ijayo. Chagueni watu wawili, si mmoja, wa kutunza maneno ya siri, na yaandikwe na kufungiwa ofisini kama mnavyofungia hati za kiwanja. Anzeni daftari la nyimbo kwa kuwatembelea watunzi wazee kwanza. Na rekebisheni majina ya video zote zilizokwisha kupakiwa na kwaya zenu.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba msitupe fedha za tovuti nyingine ya kuzinduliwa kwa keki. Tusaidieni vitu vidogo vinavyodumu: ada ya anwani kwa miaka kadhaa mbele, data, nauli ya kijana anayejua kompyuta kuzunguka parokiani, na siku moja ya mafunzo kwa kila dekania. Mtupime kwa swali moja tu: mtu asiyetujua, akiandika kiitikio, anamfikia mwenye wimbo? Mkihesabu waliobonyeza "napenda" mtakuwa mmehesabu upepo.

Namalizia na mzee wetu. Tuliketi naye, tukajaza daftari mbili, na kijana yule yule aliyeandaa kijitabu ndiye aliyezipiga chapa. Alijitolea mwenyewe. Tuliwaandikia waliopakia zile video tatu. Wawili walirekebisha, mmoja hajajibu mpaka leo. Ilichukua miezi kabla mitambo haijaonyesha tofauti, kwa hiyo msikate tamaa mapema. Sasa ukiandika kiitikio chake, jina lake linatokea. Kwaya moja ya mbali imeshamwandikia kuomba ruhusa ya kurekodi, ikamtumia kitu kidogo kwa simu. Aliniletea ujumbe ule niusome, ingawa anasoma vizuri kuliko mimi. Alitaka tu mtu mwingine naye auone.

Mwaka huu parokia jirani ilichapa kijitabu cha jubilei. Wimbo wake ulikuwemo ukurasa wa sita. Mbele yake palikuwa na jina lake, majina yote matatu, bila kosa la herufi.